Ujumbe wa Kumnenepesha Bintu

Kama kuna siku Tambwe alitamani kuwa bubu, ni Jumamosi ile wakwe zake walipoingia sebuleni na gunia la unga wa muhogo, bidoni la mafuta ya mawese na mbuzi. Mbuzi mzima! Wakamfunga kwenye mguu wa meza ambayo Tambwe aliichonga kwa mikono yake, naye akaanza kutafuna kitambaa.

Walikuwa wametoka Kamanyola: Usman, kaka mkubwa wa mkewe Bintu, na mama yao, Maman Nafisa. Mguu mmoja wa mama ulikatwa miaka sita iliyopita, kwa ugonjwa wa sukari.

"Shemeji," Usman akaanza hata kabla ya kunywa maji, "tuliona picha ya Bintu ku harusi. Dada yetu anaisha! Tulikupatia muke mwenye mwili. Unamulisha nini? Kama umeshindwa, leo tunarudi naye kwetu, anenepe."

Jibu Tambwe alikuwa nalo, ila alikuwa ameapa kutolitoa.

Miezi mitano nyuma, Bintu alipimwa akaambiwa sukari yake imefika mlangoni: bado hajaugua, lakini akiendelea vile ataugua. Siku hiyo alilia huku ameshika mguu wake. Kesho yake akaanza kwenda kwa Adélaïde, muuguzi aliyesomea tiba ya sindano za Kichina huko Bujumbura. Sindano nyembamba kama unywele, tumboni na miguuni. Moja ndogo kabisa inabaki sikioni chini ya plasta, aibonyeze tamaa ya kula ikimjia. Adélaïde hakumdanganya. "Sindano inakusaidia kutuliza hamu, maman," alimwambia. "Sahani na miguu ni kazi yako."

Na Bintu aliifanya kazi hiyo, jamani! Mwanamke aliyekuwa akipanda moto, ile pikipiki ya abiria, hata kwenda kununua chumvi, sasa anatoka soko la Kadutu hadi nyumbani Panzi kwa miguu, mvua inyeshe, jua liwake. Fufu lake, ule ugali wa muhogo, likapungua likawa ngumi moja, mboga ya lengalenga ikajaa sahani. Majirani wakanong'ona kwamba ana ugonjwa mbaya. Aliwasalimia akapita. Tambwe, aliyeshindwa kuacha sigara mara nne, alimstahi mkewe mpaka akajionea haya.

Ila mama asijue. Maman Nafisa aliamini kwamba sindano za hospitali ndizo zilizoula mguu wake, na alikuwa amewakataza watoto wake wote kuchomwa. "Akisikia nachomwa, moyo wake utapasuka," Bintu alisema. "Niapie." Tambwe akaapa.

"Shemeji, nakuuliza!" Usman akapaza sauti. "Unamunyima chakula?"

"Simunyimi."

"Basi ni nini?"

"Munitukane tu," Tambwe akasema.

Hapo Bintu akaingia, jasho likimtiririka, viatu vimejaa vumbi. Akamwona mbuzi, akaliona gunia, akauona uso wa mumewe. Hakuhitaji kuelezwa. Akavua kitambaa cha kichwa.

"Mama, angalia sikio langu. Ni sindano, nachomwa na muuguzi Adélaïde. Mimi ndiye nilimuapisha bwana yangu asiseme. Kama ni kutukana, munitukane mimi."

Usman akaruka kusimama. Maman Nafisa akamwonyesha mkono anyamaze, akamvuta binti yake karibu na kuigusa plasta kwa kidole.

"Inauma?"

"Hapana, mama."

"Na sukari?"

"Ilikuwa mia na ishirini na moja. Jana, mia na tatu. Bado naendelea."

Mama akapapasa goti lake lisilo na kitu chini yake.

"Mimi nilinenepa miaka kumi," akasema. "Hakuna mutu alikuja na ujumbe. Walikuwa wananipigia vigelegele. Hospitali nilifika mguu umeshaoza. Nililaumu sindano kwa sababu yenyewe haijibu."

Akamgeukia Tambwe, macho yamemjaa machozi. "Mukwe wangu, unisamehe. Usman, fungua mbuzi. Na gunia urudi nalo."

Usman akainama kufungua kamba.

"Huyo Adélaïde," mama akauliza, "iko mbali?"

"Kwa miguu ni mbali, mama. Tuite moto?"

"Acha moto. Nipatie magongo yangu, tutaenda pole pole."