Kosa: Hakuna

Shuleni kwetu, ukitaka kuingia chumba cha ushauri ni lazima kwanza ukosee. Sitanii. Mlango ni mmoja na kibao ni kimoja: NIDHAMU NA USHAURI. Ndani kuna mwalimu mmoja tu, ambaye wanafunzi tumempa jina la Rula kwa sababu hupima sketi za wasichana kwa rula ya mbao, hata zile zinazogusa soksi. Huingii kwake bila kikaratasi cha mwalimu wa darasa kinachoeleza umefanya kosa gani. Ukishaingia unaandikwa kwenye daftari kubwa, unapewa adhabu, na ukibahatika unashauriwa kidogo kabla kengele haijalia.

Mimi nilikuwa nautaka huo ushauri kidogo. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi na baba, alikuwa amefariki wiki tisa nyuma kwa homa ya siku nne tu, na tangu hapo kifua changu kilikuwa kimeanza vituko vyake. Nimekaa darasani, hesabu ziko ubaoni, mara moyo unaanza kwenda mbio, mikono inatetemeka, hewa haiingii. Naomba ruhusa, najifungia chooni, nashika ukuta mpaka ipite. Nilikuwa na miaka kumi na sita na mara tatu kwa wiki niliamini kabisa kwamba nakufa.

Nyumbani nilijaribu kusema. Mama, ambaye ni fundi cherehani na hushonea sebuleni, alinisikiliza akiwa na pini mdomoni, akanivuta kifuani, akasema jikaze mwanangu, wewe ndiye mkubwa sasa. Baba, fundi wa friji, naye akasema jikaze. Shangazi alipiga simu kutoka mbali, mtandao ukawa unakatika katika, lakini jikaze yake ilifika nzima nzima. Sijui watu wanadhani mtu anajikaza kwa kutumia nini. Mimi nati zangu zote zilikuwa zimeshakazwa na bado nilikuwa navuja.

Kwa hiyo nikaamua kukosea.

Jumatatu nilichelewa makusudi, nikasimama nyuma ya ukuta wa shule dakika ishirini nzima. Mlinzi wa getini, mtu ambaye humfokea hata dereva wa mkuu wa shule, aliniona, akavua kofia, akasema pita binti yangu, poleni na msiba. Jumanne nilivaa soksi za njano. Mwalimu wa darasa aliziona, nilimwona akiziona, akameza mate akageukia ubao. Jumatano nilipiga soga katikati ya somo na rafiki yangu tunayemwita Redio, na aliyepewa kikaratasi akawa Redio peke yake. Alininunia mpaka jioni, na ilikuwa haki yake.

Ndipo nikaelewa. Msiba ulikuwa umenifanya mtakatifu. Kila mtu alinihurumia kwa kunizunguka, kama watu wanavyopita pembeni ya sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Nilikuwa na huzuni, nilikuwa na hofu, lakini siku hiyo kubwa kuliko zote ilikuwa hasira, na hasira ndiyo iliyonipa miguu.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, nikaenda bila kikaratasi. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa watukutu wawili wakingoja zamu yao. Wakaniuliza huku wakicheka nimeiba nini. Nikawaambia sijaiba kitu, nimekuja kwa hiari yangu. Kicheko kikawakauka, wakasogea kunipa nafasi kubwa kuliko niliyohitaji, nadhani waliona labda ni ugonjwa wa kuambukiza.

Rula alinyoosha mkono apokee kikaratasi bila hata kuinua macho. Nikamwambia sina. Akauliza nani kanituma, nikasema hakuna. Basi rudi darasani, akasema.

"Sirudi, mwalimu," nikamwambia. "Mlangoni mmeandika ushauri. Nimekuja kuuchukua."

Nilitegemea rula. Badala yake akalivuta daftari, kwa mazoea tu nafikiri, akaandika jina langu na kidato. Alipofika kwenye safu ya kosa kalamu ikasimama. Akasema huu ni mwaka wake wa kumi na moja ofisini humo na safu ile haijawahi kubaki tupu. Nikamwambia isibaki tupu, aandike hakuna. Akaandika, kwa mwandiko mzuri, halafu akaondoa mipira miwili na rundo la simu za kunyang'anya kutoka kwenye kiti cha pili ili nikae.

Nikamweleza yote. Niliposema ninaona kama nakufa, akaweka kalamu chini. Alisema sifi. Ile ni hofu, mwili unaomboleza kwa namna yake, na wenye hali hiyo ni wengi kuliko ninavyodhani. Kwenye kituo cha afya kuna muuguzi anayeongea na vijana kila Ijumaa, na kesho yake angeweza kunisindikiza mwenyewe. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ila akasema kwamba mimi bado ni mtoto, ni lazima mzazi akubali. Akanyanyua simu kumpigia baba, na wepesi wote ukaniishia.

Baba alifika na ovaroli, bisibisi zikigongana mfukoni. Nilimwamkia, akaitikia huku akiuliza nimevunja nini na ni cha nani. Rula akamgeuzia daftari. Akalisoma kwa kidole, akarudia, akauliza kama hakuna kosa yeye kaitiwa nini, maana ameacha friji ya bucha imefunguliwa na nyama iko nje. Rula akaniashiria niseme mwenyewe.

Nikasema, nikamtajia choo, ukuta, hewa isiyoingia. Baba aliangalia dirishani muda wote niliokuwa naongea. Nilipomaliza, alisema kwa sauti ya chini kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi nje, kwamba hakuna asiye na uchungu mle ndani, na kwamba kwenda kwa muuguzi kuongea tu, bila hata homa, ni kutafuta watu waseme.

"Inuka twende," akasema. "Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hatuongei, baba."

Akanigeukia.

"Nyumbani tunaambiana tujikaze. Wewe unameza chai unatoka. Mama anakanyaga cherehani mpaka giza. Mimi najifungia chooni nasubiri kufa. Nimechoka. Siinuki hapa mpaka ukubali."

Maisha yangu yote sikuwahi kumwambia baba siinuki. Ile hali ikaanza, moyo, hewa, kisha mikono. Siku zote nilikuwa naificha chini ya dawati. Safari hii niliiweka juu ya meza ya Rula, ikatetemeka pale, mbele ya macho ya baba. Nilimwambia aangalie.

Aliangalia. Ofisini hakukuwa na kiti cha tatu, basi akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima na ovaroli lake, mlango uko wazi na wale watukutu wawili wanachungulia. Akaifunika mikono yangu kwa yake. Nikajua kwamba mtetemeko ule haukuwa wangu peke yangu.

"Ya kwangu inaanza nikishika spana," akasema. "Tangu tumzike. Nilidhani ni uzee."

Nilitaka kulia na nikalia, mbele ya kila mtu, wala sikuomba ruhusa. Baba alibaki chini vile vile mpaka pumzi yangu ikarudi, halafu akamuuliza Rula huyo muuguzi anaanza saa ngapi, na kama anapokea watu wazima.

Tulipokuwa tunatoka getini baba aliniomba jambo moja, akiwa anatazama viatu vyake. Nisimwambie mama kuhusu mikono yake, atapata wasiwasi bure.

Nikamwambia nitamwambia leo leo, nikifika tu, kabla hata sijavua viatu.