Mtungi wenye Kitambaa Chekundu

Kwenye bomba la mama muuza maji, Sitelbanat, kule mtaa wa Silanga, watu hawapangi foleni. Wanapanga mitungi. Ukiuacha wako alfajiri, umefungwa kitambaa chako, unaweza kwenda kufua nguo za watu mtaa wa Ayany hadi mchana na hakuna atakayeuruka. Risper alikuwa ameishi hivyo miaka tisa. Mtungi wake ulifungwa kipande chekundu cha sweta kuukuu ya binti yake, Apiyo.

Jumatatu alikuja Kihara, msanii kutoka mtaa wa Kawangware 46, akaitazama ile foleni kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu asiye na kiu. Aliomba mitungi ishirini iliyochakaa, akatoa ishirini mipya. Kila mwenye mtungi alitia sahihi karatasi kwamba ameutoa pamoja na nafasi yake. Watu waliona amepata hasara, wakamcheka kidogo, wakatia sahihi.

Jumanne bomba lilitoa maji vizuri mpaka ulipofika mtungi mpya wa Risper, likakauka. Uliposogezwa kando, likatoa tena. Ikawa hivyo kwa wote ishirini. Risper alijaribu bomba la pili na la tatu, ni yale yale. Hata maji aliyopewa na jirani kwenye sufuria yaliisha kabla hajafika mlangoni. Akarudi kwa Sitelbanat.

“Mtungi wako uko wapi?” Sitelbanat aliuliza.

“Kawangware.”

“Basi wewe uko Kawangware, mama. Hapa ulitoka.”

Risper hakubisha, maana sheria aliijua. Lakini Apiyo, mwenye miaka minne, alikuwa anahara tangu Jumapili, na nesi alikuwa amesema anywe maji mengi, tena safi. Risper alimchemshia ya bwawa, yasiyo na foleni. Yalinuka hata baada ya kuchemka.

Jumatano alienda Kawangware kwa miguu. Mitungi ilikuwa imepangwa katika ukumbi mweupe, chini ya taa, na ukutani pameandikwa Subira. Yote ilikuwa imejaa hadi shingoni. Kihara alikuwa akiimwaga mmoja mmoja kwenye mtaro ulio nyuma ya ukumbi. Alimweleza kuwa inajaa yenyewe kila asubuhi na inamchosha, kwa sababu kazi yake ilihusu utupu, na wageni walikuwa wakifika saa nne.

“Usiangalie mtungi,” alimwambia kwa upole wa mtu aliyezoea kutoeleweka. “Mtungi si kitu. Angalia wazo.”

“Najua,” Risper alisema. “Hiyo si mtungi. Hiyo ni mimi nimesimama. Mtoto wangu anaendesha tangu Sunday. Nipee hata nusu.”

Machozi yalimlengalenga Kihara. Miaka sita alikuwa akieleza sanaa yake kwa watu waliosoma, na hakuna aliyekuwa ameielewa namna hiyo. Alimwomba ayarudie yale maneno ya mwanzo mbele ya simu, na Risper akayarudia. Kuhusu maji Kihara alisema haiwezekani: mtu akiyachota, kazi itabaki mitungi tu. Akaumwaga wa kitambaa chekundu mbele yake, polepole, kitambaa kisilowe. Risper alikinga viganja. Hakufika navyo mbali kabla havijakauka.

Alhamisi jioni Apiyo alikufa. Majirani walileta maji ya kumwosha, kila mtu na kikombe chake, na hayo yalifika. Ilikuwa dhuluma, na wote waliokuwa mle ndani walijua hivyo, wakamwosha.

Ijumaa Kihara alikuta mitungi kumi na tisa imejaa. Wa kitambaa chekundu ulikuwa mkavu. Aliugeuza, akaugonga kitako, halikudondoka hata tone. Alifurahi sana kwamba hatimaye mmoja umeielewa kazi. Akauweka mbele karibu na mlango, chini ya maneno mapya ukutani: “Hiyo si mtungi. Hiyo ni mimi nimesimama.” Chini yake aliandika: Mwanamke, Silanga.

Kisha akaanza kuitoa ile mingine nje, akaimwage kabla ya saa nne.