Damu ya Bibi Bonaria

Tulimzika baba yangu, Gonario, Jumanne. Alhamisi asubuhi gari la watafiti likapanda mlima, kama kawaida yao kila mwaka, na lile friji dogo la kubebea damu.

Bibi yangu Bonaria ana miaka mia moja na minne. Kati ya watoto wake, baba ndiye aliyekuwa amebaki. Hapa kisiwani Sardinia wazee wa umri huo si ajabu, na maprofesa hawaishi kuja kutuuliza wazee wetu wanakula nini, wanalala vipi, mbona hawafi.

Profesa Zanella aliingia akitabasamu. Alipotuona tumevaa nyeusi, tabasamu likamkauka.

"Poleni sana. Hatutakaa, Bibi. Vichupa viwili tu."

Bibi hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akiyamenya. "Unajua mwanangu kafa vipi?"

"Nasikia ni moyo."

"Ulimbana asubuhi. Huyu mjukuu wangu akapiga simu, akapiga tena. Gari la wagonjwa limefika jua linazama, tumeshamwosha. Lako mbona halichelewi?"

"Bibi, mimi ni mtafiti tu. Mambo ya hospitali..."

"Zahanati mmefunga! Daktari mmemhamisha! Damu yangu mnaikimbiza isiharibike, mwanangu je?"

"Utafiti huu utavisaidia vizazi vijavyo."

"Vizazi gani? Na shule si mmefunga?"

Msaidizi wa profesa akamshika Bibi mkono taratibu, amfunge mpira wa kutolea damu. Bibi akalipiga sinia lao la vichupa, vikatawanyika sakafuni. Profesa akanitazama, akingoja niombe radhi. Nikafungua mlango.

"Nishike mkono," Bibi akaniambia. "Twende kwa Peppina kabla yao."

Peppina Lai, jirani yetu mwenye miaka mia na moja, alikuwa ameshapandisha mkono wa gauni.

"Shusha huo mkono, mjinga wewe!"

"Mjinga nani, kikongwe wewe?"

Bibi akamweleza. Peppina akasikiliza, akaushusha.

"Hata kahawa nisiwape?"

"Kahawa wape. Damu, hata tone!"

Watafiti wakanywa kahawa, wakateremka na friji tupu.

Tuliporudi nyumbani, Bibi akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sauti, akiipiga meza ngumi. Nikamwacha apige. Zahanati ingali imefungwa, na mimi nina miaka sitini, moyo wangu ni kama wa baba.