Shahidi wa Tatu

Mwokaji mikate na mkaza mwanawe hawakupikika chungu kimoja. Si kwamba waligombana. Walisalimiana, wakapishana mlangoni, basi. Mpaka siku moja, wakikunja nguo zilizoanuliwa, mama mkwe akasema kama anayezungumza na shuka, "Mimi niliwahi kuigiza filamu."

Mkaza mwana, ambaye kazi yake ni ufundi simu, akadhani anataniwa. "Filamu gani, mama?"

"Ya kesi ya wachimba chumvi waliogoma enzi za wakoloni. Nilikuwa shahidi wa tatu. Siku inazinduliwa niko leba, mumeo anakuja duniani. Ikaonyeshwa wiki moja, ikayeyuka. Sijaiona hadi leo."

Fundi simu hakupoteza muda. Mtandaoni hakukuwa na kitu ila picha ya bango lililochanika, basi akaanza kupiga simu kwenye vyuo na maktaba. Waliambiwa itaonyeshwa katika ukumbi mmoja. Kufika, wakakuta mkutano wa wafuga nyuki. Mara nyingine walikaa kabisa vitini, bisi mapajani, ikaanza filamu ya ngumi yenye jina lile lile.

"Wachimba chumvi hawa wamenona kweli," mama mkwe akanong'ona. Wakacheka hadi wakatolewa nje.

Kituoni, wakisubiri basi, yule mama akamshika mkono. "Tuache, mwanangu. Unajisumbua bure."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama. Na mgongo ninao."

Hatimaye mhifadhi wa filamu mmoja akampigia mwenyewe: nakala imepatikana, itaonyeshwa Jumamosi mchana kwa wanafunzi wa sheria.

Taa zikazimwa. Shahidi wa tatu akapanda kizimbani: msichana mwembamba, shingo ndefu, macho yale yale ya mama mkwe. Fundi simu akamfinya kwa furaha. Kisha msichana akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa nyororo kama ya mtangazaji wa redio.

"Si yangu," mama mkwe akasema polepole. "Wamenibandika sauti ya mtu mwingine."



Mwisho wa filamu, mhifadhi alipouliza kama kuna mwenye swali, fundi simu, ambaye hata harusini kwake alishindwa kutoa shukrani, akajikuta amesimama. "Shahidi wa tatu yumo humu ndani. Ila sauti mliyoisikia si yake."

Minong'ono ikazagaa. Mhifadhi akashuka jukwaani, akaja mpaka kwenye kiti cha yule mama. "Mama, maneno bado unayakumbuka?"

"Nisiyakumbuke? Unga ninaoukanda umeyasikia miaka yote hii."

Akasimama. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo. "Mheshimiwa, unaniuliza nani alituongoza. Hakuna. Chumvi ilitukata mikono sote, basi sote tukaitua chini."

Makofi yakaporomoka. Mhifadhi akamwomba arudi wiki ijayo warekodi sauti yake, ihifadhiwe pamoja na nakala ile.

"Nitakuja," mama mkwe akajibu, kisha akamgeukia fundi simu. "Utanisindikiza? Hawa siwajui, wasije wakanibandika na kichwa."

"Nitakuja, mama. Kichwa tutakilinda wawili."

Wakatoka wameshikana mikono, wakibishana basi gani linawahi.