Ukuta wa Chumba cha Wifi

Kila alipomaliza sala yake ya mchana, mjane yule aliinuka mkekani, akaingia chumbani kwa wifi yake, akaweka kiganja ukutani juu kidogo ya soketi, kama mtu anayempima mtoto homa. Siku ile ukuta ulikuwa wa moto. Na si moto wa jua, maana jua halikufika upande ule.

"Unampapasa nani, wifi?" aliuliza mgonjwa kutoka kitandani. "Kaka yangu hayupo, na huo ukuta hauoi."

"Nyamaza, uvute pumzi zako."

"Ninazo zangu basi? Navuta za mashine."

Wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe. Mapafu yalimchoka kabla ya ulimi, ikawa anaishi kwa kimpira chembamba puani, na mashine ya oksijeni ikinguruma kando ya kitanda kutwa kucha. Mjane aliuzoea mngurumo ule kama mapigo ya moyo wake mwenyewe. Ukibadilika kidogo tu, anasimama mlangoni. Pembeni ulikuwepo mtungi wa akiba, lakini haukuwa wa kutegemea kwa muda mrefu.

Nyuma ya ukuta, uani, gari la mwanawe lilikuwa linakunywa umeme. Kijana huyo walimwita Mwendo tangu utotoni, kwa kuwa hakujua kutembea ila kukimbia. Alikuwa amenunua gari la umeme lililokwisha kutumika ili abebe abiria. Waya wake mweusi uliingia kupitia dirishani hadi kwenye soketi ile, na kila mchana gari lilijaa polepole, ndipo jioni akienda kazini.

Tangu gari lifike, mjane hakupata amani, lakini hakusema. Angeanzia wapi? Kijana alikaa nyumbani bila kazi mpaka akaacha kunyoa ndevu. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Mungu magoti akimwombea kazi. Leo amrudie Mola amwambie kwamba kile alichopewa kinamtisha?

Alikuwa bado amesimama pale Mwendo alipoingia na fundi umeme, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli, mkoba wa vifaa begani.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Dada fundi huyu, amekuja tuchague chaja. Nataka ile kubwa ya kufunga ukutani. Gari linajaa ukimaliza chai tu!"

"Chai ya nani hiyo?" wifi akadakia. "Ya mama yako? Hiyo hunywewa mpaka kesho."

Fundi alicheka, akaketi kwenye kigoda. "Ipo kubwa, hujaza haraka. Ipo ndogo, hujaza taratibu. Ila mimi huihoji nyumba kwanza. Ile breka pale koridoni, hukata umeme mara ngapi?"

"Haikati kabisa!" Mwendo alijibu kwa maringo. "Zamani ilitusumbua. Mama akiwasha pasi, paa, giza. Baba akapanda mwenyewe akaibadilisha, akaweka kubwa. Tangu hapo, washa utakacho."

Kicheko kikamwisha fundi usoni.

"Alibadilisha na waya, au breka peke yake?"

Mwendo alimtazama mama yake. Wifi naye akamtazama. Mjane alimwona tena mumewe juu ya kigoda kilekile, bisibisi mdomoni, jasho shingoni, akishuka na kusema, "Haitakusumbua tena, mke wangu." Siku ile alimshukuru Mungu kwa kupewa mume mwenye mikono. Na kila alipopiga pasi bila kukatikiwa, alimwombea marehemu dua. Sasa ulimi ulimwia mzito, kana kwamba anaambiwa amshtaki mtu asiyeweza kujitetea.

"Breka tu," alisema. "Na ukuta huu una joto. Una joto tangu majuzi."

Fundi aliinuka, akaupapasa ukuta, akainamia soketi. Plastiki yake ilikuwa imekunja uso. Harufu ikaja, ile ya kitu kinachoungua mahali usipoweza kuona.

"Breka kazi yake ni kukata kabla waya haujaungua," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni kubwa kuliko waya wake. Waya unaiva, yenyewe inatazama. Nazima nyumba nzima."

"Mashine!" mjane alipiga kelele.

"Mtoeni kwanza! Oksijeni na moto havikai chumba kimoja. Mtoeni!"

Kwenye pembe ya soketi ulichomoza moshi mwembamba kama uzi. Fundi alikimbilia koridoni. Mngurumo ukakatika, na mashine ikaanza kulia, piii, piii. Mwendo alimbeba shangazi yake kama furushi la nguo, mjane akaukumbatia mtungi, wakatoka hadi sebuleni. Macho ya wifi yalikuwa yamemtoka.

Kimpira kilihamishiwa kwenye mtungi, lakini kifungulio chake kilikataa. Mjane alikizungusha, mkono ukateleza kwa jasho. "Ee Mungu wangu, si leo. Si kwa mkono wangu." Mwendo alikishika juu ya vidole vyake, wakasukuma pamoja. Kikaachia. Hewa ikalia ssss, na kifua cha wifi kikapanda.

Alasiri fundi alibomoa plasta. Waya wa ndani ulikuwa mweusi, na kibao kilichoushikilia kimegeuka mkaa. Mwendo aliketi sakafuni, kichwa mikononi.

"Ningemuua shangazi."

"Bado hujaniua," wifi alinong'ona. "Usijisifu."

Usiku huo wifi alilala kwa jirani pamoja na mashine yake. Waya mpya ulipovutwa, fundi aliweka picha za chaja mbele ya mjane, si mbele ya Mwendo. "Chagua, mama."

Hakuzitazama. "Inayokata upesi ni ipi?"

Wakafunga ndogo, kwenye nguzo uani, mbali na nyumba, na njia yake yenyewe ya umeme kutoka kwenye mita. Mashine ya wifi nayo ikapewa njia yake. Koridoni ikarudi breka ndogo, kama ile aliyoing'oa mumewe. Mwendo sasa alianza kazi akiwa amechelewa, na hakunung'unika.

Asubuhi moja mjane alikuwa anapiga pasi, birika likiwa jikoni. Paa! Taa ikazimika. Pasi ilimponyoka, akakimbia bila viatu hadi chumba cha wifi.

Mashine ilikuwa inanguruma.

"Una nini wewe?" wifi aliuliza.

Mjane aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa baridi. Aliendelea kuushika hata hivyo, akimwombea mumewe msamaha.