Gitaa la Magoti Linauzwa

Mume wangu alisema gitaa liuzwe Jumatatu asubuhi, nikiwa namvisha soksi. "Uza," alisema, basi. Tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto maneno yake ni ya kuhesabika. Nilimwuliza kama ana uhakika, akageukia dirishani. Nikampigia simu binti yetu, akaja akapiga picha, akaziweka mtandaoni, na kufika Jumanne usiku tulikuwa na mnunuzi.

Nieleze kwanza ni gitaa gani, maana watu wakisikia gitaa wanafikiria la kuning'iniza begani. Hili lina pedali na linasimama kwa miguu minne kama meza ya kupigia pasi. Mpigaji anakaa nyuma yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa, mguu wa kushoto unakanyaga pedali, na magoti yanasukuma vyuma fulani kule chini ili sauti ipande au ishuke. Ndiyo sababu wenzake kwenye bendi walimpa jina la Magoti. Lilikuwa kuukuu tayari siku alipolinunua kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anahama. Alilinunua kwa pesa ya mabati, na sisi tukalala miaka miwili tukihamisha kitanda kila mvua inyeshapo. Nilimnunia sana. Halafu alikuwa akilipiga jioni, nami nanuna huku nikisikiliza.

Sasa hawezi kulipiga, na hilo alishalikubali kuliko mimi. Kilichokuwa kinamla ni kwamba hakuna anayemwuliza kitu tena. Wageni wanaingia, wanamwona yupo pale kwenye kochi, halafu wananigeukia mimi: "Mzee anaendeleaje? Anakula?" Utadhani kasafiri. Daktari naye hivyo hivyo. Na mimi nisijitakase, namjibia kabla hajafungua mdomo, kwa sababu nina nguo za watu za kumaliza na kumsubiri kunachosha. Nimechoka, nasema wazi. Miezi saba ya kumnyanyua, kumwogesha, kumlaza, na bado cherehani inanisubiri.

Mimi ni fundi wa kushona, na fundi wa kushona haachi mashine ichezecheze. Jumatano mchana, yeye akiwa amejilaza chumbani, nililivua gitaa shuka lililolifunika, nikalifuta vumbi, nikalitia mafuta ya cherehani kila panapokunjika. Kule chini kuna vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye pedali mpaka ubavuni mwa gitaa, na kila kimoja mwisho wake kina nati ndogo ya plastiki. Zilikuwa ovyo! Moja imetokeza, nyingine imezama, nyingine imelegea kabisa. Nikasema huyu mnunuzi atatuona watu gani. Nikachukua spana nikazikaza zote, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa safu moja iliyonyooka. Nilijisifu kweli.

Mnunuzi alifika Alhamisi saa nane mchana. Alikuwa mwalimu wa muziki, mwanamke wa makamo mwenye miwani na viatu vya soli nyembamba. Alivivaa makusudi, alisema, ili mguu uisikie pedali. Alimwamkia mume wangu vizuri, "Shikamoo mzee," kisha, kama wote, akanigeukia mimi.

"Mama, limekaa muda gani bila kupigwa?"

"Miezi saba," nikasema. Mume wangu akashika fimbo yake, akajikongoja kurudi chumbani.

Mwalimu akakaa, akadonoa nyuzi. Sauti ilitoka safi, na moyo wangu ukatulia. Halafu akakanyaga pedali. Sijui niieleze vipi ile sauti. Hata mimi niliyeishi na cherehani nilijua kuna kilichoharibika. Akajaribu ya pili, ikawa mbaya zaidi. Akainama akachungulia chini, akavua miwani.

"Mama, kuna mtu amelichezea hili."

"Nimelisafisha tu," nikasema, masikio yakiniwaka.

"Hizi nati ndizo zinazoamua uzi uvutwe kiasi gani. Kila moja ina mahali pake." Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma. "Naweza kulipanga upya kwa kipimo cha sauti kilicho kwenye simu yangu. Ila lilivyokuwa limepangwa na mwenyewe, hilo ndilo nililolifuata. Nilikuwa naisikiliza bendi yao nikiwa msichana."

Fimbo ikasikika kwenye korido. Mume wangu akatokea, akaegemea ukuta.

"Weka simu chini," akamwambia mwalimu. Kwangu akasema, "Ingia chini."

Nikaingia. Mwanamke mzima wa miaka sitini na moja, nimelala chali sakafuni na spana mkononi, mbele ya mgeni. Mwalimu akawa anakanyaga na kudonoa, mume wangu amefumba macho kwenye kiti, anasikiliza.

"Legeza. Tena. Umepita. Rudi."

"Nirudi wapi? Kushoto kwangu au kushoto kwako?"

"Kushoto kwa nati, mwanamke."

Mwalimu akacheka mpaka akaacha pedali. Na mimi huko chini nikacheka, ingawa mgongo ulikuwa unalia. Ilituchukua saa mbili. Mwalimu alikuwa na daftari, na aliuliza kama mwanafunzi. Kwa nini huu uzi wa tatu unaufikisha chini kidogo ya pale simu inapotaka?

Mume wangu alikusanya pumzi. "Mwimbaji wetu," akasema. "Akipanda juu, alikuwa hafiki. Kidogo tu. Ukimsahihisha anaudhika. Nikaona… nimfuate mimi."

"Miaka yote?"

"Miaka kumi na tisa. Hakujua."

Na mimi sikujua. Nililala na mtu huyu miaka yote hiyo, nikamfulia mashati ya bendi, na hakuna siku niliyomwuliza kwa nini. Siku ile aliongea maneno mengi kuliko miezi saba yote ukiijumlisha. Mengine yalitoka yamepinda, mengine aliyaacha njiani, lakini mwalimu alikuwa anasubiri kalamu ikiwa juu ya daftari, hamalizii sentensi za mtu.

Mwishowe mume wangu akasema, "Basi. Hapo hapo." Mwalimu akapiga kitu kifupi. Mume wangu akatikisa kichwa kukubali, akafungua macho.

Kukunja gitaa lile hakuchukui hata robo saa. Miguu inafunguliwa, pedali zinatolewa, vyote vinaingia kwenye sanduku moja zito. Mwalimu alilipa bila kuomba apunguziwe, akampa mume wangu mkono. Nilimsaidia kubeba hadi kwenye gari. Niliporudi sebule ilikuwa kubwa ajabu, na mume wangu amekaa kwenye kochi lake, uso ule ule wa miezi saba.

Nikakaa karibu naye.

"Mzee, ni mimi niliyezikaza zile nati."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Nilikusikia. Jana, mchana. Nikiwa kitandani. Moja, moja… mpaka ya mwisho."

Hasira ikanipanda mpaka utosini. "Ukaniacha? Nimelala sakafuni saa mbili na mgongo huu, na ulikuwa na mdomo wa kuniambia acha?"

Akaanza kutafuta maneno. Nilitamani kumsaidia, nikajizuia, nikasubiri. Yalikuja taratibu sana.

"Ungeziacha," akasema, "angekuja, angekanyaga, angelipa, angeondoka. Mimi angeniuliza nini?"