Kibuyu cha Mama na Marufuku ya Moto

Sijawahi kumpenda Shami kama siku ile alipomwagia maji makaa ya mama yangu.

Vuli nzima mvua ilikuwa imegoma. Misitu ya jimbo la New York iliwaka huku na kule, serikali ikapiga marufuku kuwasha moto nje, na Shami wangu, zimamoto wa kujitolea hapa Cheektowaga, akawa mtu wa kuonekana kwenye simu tu. Ndipo wazee wa kwao wakachagua Jumamosi katikati ya balaa hilo kuja kuniposa.

Baba yangu, Sebineza, alitoa sharti moja: kijana awepo. Wageni wakaketi sebuleni, wakiongozwa na mzee Rurangwa, baba mkubwa wa Shami, aliyetoka Columbus alfajiri.

“Bon, kijana yenu iko wapi?” Baba akauliza.

“Iko njiani, mzee. Balimuita ku kazi ya moto,” Rurangwa akajibu.

“Kama hafike mbele ya kunywa maziwa, donc, mutarudi mwaka ujao.”

Mwaka ujao! Mimi chumbani nusura nilie na wanja wangu wote.

Maziwa nayo, ambayo mkwe hunywa kuonyesha amekubaliwa, yalikuwa na mkasa wake. Mama hawezi kumpa mkwe maziwa ambayo kibuyu chake hakijafukizwa kwa moshi wa majani makavu, kama kwetu milimani Kivu. Jikoni kengele ya moshi ingelia, basi akajibanza nyuma ya gereji na karai la makaa.

“Mom, there's a burn ban!” nikamkumbusha marufuku kupitia dirisha.

“Banakataza moto. Mimi nafanya moshi.”

Moshi ukapanda juu ya uzio, mnene, mtamu, bila aibu. Jirani akapiga simu. Punde king'ora, gari jekundu mlangoni, wazee wakamiminika uani na suti na fimbo zao, na garini akaruka jitu lenye kofia na buti, uso umejaa masizi. Shami!

“Niliambia benzangu hii haiko musitu,” akasema akihema. “Hii harufu ni ya kwa mama mukwe!”

Kisha akaiona kazi iliyomkabili. Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe ovyo, sembuse kumzimia moto wake. Akapiga magoti.

“Mama, munisamehe. Kila kitu imekauka. Cheche moja tu, mutaa yote inaisha.”

Akamwaga maji. Baba akayatazama yale majivu.

“Kule milimani balichoma manyumba yetu,” akasema polepole, “hakuna mutu alikuja na hata kikombe ya maji. Huyu anakuja na gari muzima juu ya moshi ya kibuyu.” Akamgeukia Rurangwa. “Mzee, mwaka ujao ni mbali sana. Rakeli, mtoto yangu, leta maziwa!”

Kibuyu kilikuwa tayari kimefukizwa, Mama si mtu wa kuacha kazi nusu. Shami akanywa, akapata masharubu meupe juu ya masizi, na zimamoto wenzake wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini. Mimi, aliponiita Baba tu, nilikuwa nimeshatoka mbio na maziwa, bila viatu.